Kisukari na figo kwa paka mmoja: hatari ya karibu ni sukari kushuka

Paka mwenye kisukari hunywa maji mengi, hukojoa sana na hukonda. Paka mwenye ugonjwa sugu wa figo naye hunywa maji mengi, hukojoa sana na hukonda. Maradhi haya mawili yakimkuta mnyama mmoja, dalili ambazo mwenye paka amezoea kuzitegemea hazimwambii tena ni lipi limezidi. Bakuli la maji linakauka mapema, mtu anaongeza insulini akidhani sukari imepanda, kumbe figo ndizo zimeshindwa kurudisha maji mwilini. Saa chache baadaye sukari imeshuka mno, paka anayumba na kutetemeka. Kwa hiyo dozi ya insulini haibadilishwi kwa kutazama bakuli la maji. Hubadilishwa kwa namba za damu, pamoja na daktari wa wanyama anayezijua namba hizo.

Insulini inayodungwa huondolewa mwilini kwa sehemu kubwa na figo. Figo zikidhoofika, dozi ileile hukaa kwenye damu muda mrefu zaidi na sukari hushuka kuliko ilivyotarajiwa. Wakati huohuo, taka zinazobaki kwenye damu huweza kuufanya mwili usiitikie insulini vizuri, hivyo paka mwingine akahitaji zaidi. Hali zote mbili zinaweza kumpata paka yuleyule kwa vipindi tofauti. Ongeza hapo hamu ya kula inayopanda na kushuka, nawe utaona kwa nini dozi iliyofaa mwezi uliopita inaweza kuwa hatari mwezi huu.

Ndiyo maana kwa paka wa namna hii nasimama upande wa upole. Sukari ya paka mzima huwa karibu 4 hadi 7 mmol/L (72 hadi 126 mg/dL), lakini kumkimbiza mgonjwa wa figo hadi huko ni kumweka ukingoni. Akikaa sehemu kubwa ya siku kati ya 7 na 14 mmol/L (126 hadi 252 mg/dL), anaishi vizuri. Kikomo cha juu kina sababu yake: sukari ikipita takriban 14 hadi 16, figo huiachia kwenye mkojo, nayo huvuta maji. Paka huyu tayari anapoteza maji kwa sababu ya figo, na kupoteza mengine kwa sababu ya sukari humkausha haraka.

Kuhusu bomba la sindano, soma maandishi kwenye chupa na kwenye bomba kabla ya kuvuta dawa. Insulini za paka kwa kawaida huja kwa nguvu mbili: U-40, yaani yuniti 40 kwa mililita (kama ProZinc na Caninsulin), na U-100, yaani yuniti 100 kwa mililita (kama glargine). Kila moja ina bomba lake. Ukivuta insulini ya U-100 kwa bomba la U-40, kila alama moja ni yuniti 2.5, na hilo linaweza kumuua. Ukifanya kinyume chake, kila alama ni yuniti 0.4 tu, na sukari haitashuka huku wewe ukiamini umempa dozi kamili. Paka wengi huanzishiwa yuniti 1 kila baada ya saa 12, na marekebisho huenda kwa nusu yuniti, kwa hiyo nunua mabomba madogo ya mililita 0.3 yenye alama za nusu. Dungia ubavuni au pembeni mwa kifua, ukibadilisha upande kila mara. Manyoya yakilowa na hujui kiasi gani kimeingia, usirudie dozi. Sukari ya juu kwa saa 12 inavumilika, dozi mbili kwa mpigo hazivumiliki.

Damu ya kupimia huchukuliwa pembezoni mwa sikio, kwenye mshipa mwembamba unaoonekana ukimulika kwa nyuma. Pasha sikio joto kwa kitambaa chenye uvuguvugu kwa nusu dakika, paka vaselini kidogo ili tone lisimame badala ya kusambaa kwenye manyoya, weka pamba nyuma ya sikio, choma, kisha bana kwa sekunde kadhaa ili pasivilie damu. Kipima sukari cha binadamu kwa kawaida husoma chini kuliko hali halisi ya paka, kwa sababu sukari kwenye damu ya paka imegawanyika tofauti kati ya maji ya damu na chembe nyekundu. Chagua kipimo kimoja na ubaki nacho.

Kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Ugonjwa wa figo ukiendelea huleta upungufu wa damu, na damu nyepesi huvifanya vipima sukari vingi visome juu kuliko ukweli. Kipimo kinaonyesha 6, kumbe sukari halisi iko chini zaidi. Paka ambaye fizi zake zimepauka au ambaye kipimo cha wingi wa chembe nyekundu kimeshuka anahitaji namba zake zisomwe kwa tahadhari hii, na mara kwa mara zilinganishwe na kipimo cha maabara.

Pima kabla ya kila sindano. Siku unapotaka kuijua dozi vizuri, pima kila baada ya saa mbili hadi sindano inayofuata. Unachotafuta ni namba ya chini kabisa na saa ilipotokea, kwani kwa paka mwenye figo dhaifu huweza kuchelewa. Usipandishe dozi kwa sababu ya kipimo kimoja kibaya, maana hofu peke yake hupandisha sukari ya paka. Ngoja siku tano hadi saba kabla ya kupandisha. Kushusha hakungojwi: namba ikianguka chini ya 4, dozi inayofuata ipunguzwe baada ya kuongea na daktari. Mwulize pia mapema ni namba gani kabla ya sindano ambayo ukiikuta usidunge. Mara nyingi huwekwa mahali fulani kati ya 8 na 11 mmol/L, na kwa anayeanza ni salama zaidi kuchukua ile ya juu.

Chini ya 3.3 mmol/L (60 mg/dL) ni dharura hata kama paka anaonekana mzima. Akiwa na fahamu na anameza, mpe chakula mara moja, na kama namba iko chini sana au anayumba, mpake asali au maji ya glukosi, karibu kijiko kimoja cha chai, kwenye fizi. Pima tena baada ya dakika 15. Akiwa na degedege, mpake kwenye fizi tu bila kuingiza kidole kati ya meno, usimimine kitu mdomoni, kisha mkimbize kwa daktari. Hata akiamka, insulini bado inafanya kazi na figo zinaichelewesha kutoka, hivyo uangalizi uendelee kwa saa nyingi.

Chakula ndicho kinachowagawa watu. Kisukari kinataka wanga mdogo na protini nyingi. Figo zinataka fosforasi ndogo, na protini isiyozidi. Chakula kikavu cha figo mara nyingi kina wanga mwingi, na chakula cha kisukari mara nyingi kina fosforasi nyingi. Msimamo wangu ni huu: ugonjwa wa figo ukiwa hatua ya 3 au 4 (madaktari huugawa katika hatua nne, ya 4 ikiwa mbaya zaidi), figo zitangulie, kwa sababu insulini inaweza kurekebishwa kulingana na chakula lakini figo iliyokufa hairudi. Katika hatua ya 2 ya mapema, chakula cha kopo chenye wanga mdogo, na fosforasi ya chini kadiri inavyopatikana, ni suluhu nzuri. Kwa vyovyote kiwe cha majimaji. Na chakula anachokila kinashinda chakula bora anachokikataa: paka asiyekula kwa siku chache anaweza kuanza kuharibika ini.

Usibadilishe chakula kwa ghafla huku dozi ikibaki palepale. Kutoka kwenye punje kavu kwenda chakula cha kopo chenye wanga mdogo kunaweza kupunguza mahitaji ya insulini ndani ya siku chache. Changanya polepole kwa wiki moja hadi mbili, ukipima sukari kila siku.

Fosfati ya damu ikizidi lengo licha ya chakula, daktari huongeza dawa ya kuinasa, kwa mfano hidroksidi ya alumini. Malengo yanayotumika ni chini ya 1.5 mmol/L kwa hatua ya 2, chini ya 1.6 kwa hatua ya 3 na chini ya 1.9 kwa hatua ya 4. Dawa hii haina kazi tumboni kwa paka asiyekula, kwa sababu hunasa fosfati iliyomo kwenye chakula chenyewe. Ichanganye ndani ya mlo, na igawanywe kwa milo yote badala ya kutolewa mara moja kwa siku.

Maji ya dripu chini ya ngozi huleta tofauti kubwa kwa paka aliyekauka. Kiasi cha kawaida ni mililita 100 hadi 150 za Ringer's lactate kwa paka wa kilo 4 hadi 5, kila siku au siku moja baada ya nyingine kama daktari atakavyoagiza. Maji yenye dekstrosi yasitumike. Yapashe mfuko ukiwa ndani ya maji vuguvugu, jaribu joto kwenye kifundo cha mkono, utundike karibu mita moja juu ya paka, inua ngozi kati ya mabega iwe kama hema, na uingize sindano mpya ya namba 18 au 20, mdomo wake ukitazama juu. Manyoya yakilowa, sindano imetokea upande wa pili. Uvimbe utashuka hadi mguuni na hilo si tatizo, ila ukiwa bado upo baada ya siku nzima, usiongeze maji mengine. Paka mwenye moyo dhaifu anaweza kujaa maji kifuani. Hesabu pumzi akiwa usingizini, na zikizidi 30 kwa dakika, acha dripu na upige simu. Insulini idungwe mbali na uvimbe huo, la sivyo hutajua itaingia lini kwenye damu. Siku za kwanza za dripu pima sukari mara nyingi zaidi, maana mwili uliopata maji hufyonza insulini vizuri kuliko uliokauka.

Potasiamu hupotea kwenye mkojo, na insulini huisukuma iliyobaki ndani ya seli. Paka anayeinamisha shingo akashindwa kuinua kichwa apimwe potasiamu upesi. Shinikizo la damu nalo lipimwe, kwani namba yake ya juu ikikaa zaidi ya 160 mmHg huharibu figo na macho. Amlodipine ndiyo dawa ya kawaida, na huanzia miligramu 0.625 kwa siku. Mkojo wenye sukari tena mwepesi huzalisha bakteria, kwa hiyo uoteshwe maabara hata kama paka haonyeshi maumivu. Sukari ikikataa kushuka bila sababu, maambukizi ya kibofu ni miongoni mwa vitu vya kwanza kutafuta.

Kutapika na kukataa chakula ndiko kunakochanganya zaidi. Inaweza kuwa taka za figo, ugonjwa wa kongosho, au ketoni (asidi ambazo mwili hutengeneza ukichoma mafuta badala ya sukari) zinazojaa kwa sababu insulini haitoshi. Hutaweza kutofautisha kwa macho. Weka nyumbani vijiti vya kupimia ketoni kwenye mkojo, na uvitumie siku yoyote paka akiwa mnyonge. Ketoni pamoja na kutapika ni safari ya hospitali usiku huohuo. Akila nusu ya mlo, desturi ni kumpa nusu ya dozi. Asipokula kabisa, pima na umpigie daktari kabla ya kudunga. Lakini usimwache siku nzima bila chakula wala insulini, kwa sababu hapo ndipo ketoni huanzia.

Dawa za hamu ya kula zichaguliwe kwa makini. Mirtazapine hutumika, ila kwa paka wa figo huwekewa nafasi ndefu zaidi, kwa kawaida kila saa 48. Capromorelin hupandisha sukari, kwa hiyo haifai hapa. Steroidi huvuruga kisukari, na dawa za maumivu za jamii ya meloxicam zinaweza kuziumiza figo, hivyo kila anayemtibu paka aambiwe kuhusu maradhi yote mawili.

Dawa mpya za kisukari za kumeza, bexagliflozin (kidonge) iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022 na velagliflozin (ya majimaji) mwaka 2023, zinavutia kwa sababu hazina sindano. Hufanya kazi kwa kuifanya figo imwage sukari kwenye mkojo, na zinaweza kuleta ketoni za hatari hata sukari ikiwa ya kawaida. Paka anayetumia insulini asibadilishiwe kwa kukisia, na mwenye figo zilizoharibika sana si wa kujaribiwa nazo.

Mpime uzito kila wiki kwa mizani ileile, na uandike kiasi alichokula pembeni ya namba za sukari. Kreatinini, taka ya damu inayotumika kupima kazi ya figo, hutoka kwenye misuli, hivyo paka aliyekonda anaweza kuonyesha kreatinini nzuri huku figo zikizidi kuharibika. Kama uzito unashuka na majibu ya damu yanaonekana kutulia, omba kipimo cha SDMA, kipimo kingine cha damu cha figo kisichotegemea sana misuli.