Uvimbe wa Mikono na Miguu Mimba Inapokomaa

Katika miezi ya mwisho ya ujauzito wangu, kila nilipovua soksi jioni nilikuta alama zake zimezama juu ya vifundo, na nilipobonyeza muundi kwa kidole gumba kilibaki kishimo kilichochukua muda kujaa. Hali hiyo huwapata wajawazito wengi na kwa kawaida si ugonjwa. Damu ya mama huongezeka kwa takriban asilimia 40 hadi 50, na mji wa mimba uliokua hubana mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, hivyo maji hupenya kutoka kwenye mishipa midogo na kutuama miguuni, hasa wakati wa joto au baada ya kusimama kutwa. Kuinua miguu, kutembea kidogo na kulala kwa ubavu wa kushoto huleta nafuu. Kujinyima maji hakusaidii, na dawa za kupunguza maji mwilini zisinywewe bila agizo la daktari.

Mikono nayo huvimba, na pete ivuliwe mapema, ingali inapita kwenye kiungo cha kidole. Ganzi ya vidole inayomwamsha mama usiku mara nyingi hutokana na mshipa wa fahamu kubanwa kwenye kifundo cha mkono.

Linalonitia hofu ni mazoea ya kumwambia kila mjamzito aliyevimba kwamba ni kawaida tu. Uvimbe unaotokea ghafla usoni na mikononi baada ya wiki ya 20, hasa ukiandamana na kichwa kinachouma bila kutulia, macho kuona ukungu au vimulimuli, au maumivu chini ya mbavu za kulia, unaweza kuwa dalili ya hali inayotangulia kifafa cha mimba, na jicho la jirani, hata awe amezaa mara nyingi, haliwezi kuitambua. Ni lazima shinikizo la damu lipimwe, na likifika 140/90 au zaidi, mkojo nao uchunguzwe kama una protini. Mguu mmoja ukivimba peke yake na kuuma, huenda damu imeganda ndani ya mshipa, nalo ni jambo la kuwahi hospitali siku hiyohiyo.

Kujifungua hakuondoi hatari papo hapo. Miguu inaweza hata kuvimba zaidi siku chache za kwanza kisha ikapungua, lakini kifafa kinaweza kumpata mzazi ndani ya wiki 6 baada ya kujifungua, kwa hiyo akianza kuumwa kichwa sana au kuona ukungu arudishwe hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki.