Waridi-mwitu la Ethiopia kwenye Karatasi

Kusini mwa Jangwa la Sahara, Afrika ina aina moja tu ya waridi la asili, Rosa abyssinica, ambalo kwa Kiamhari huitwa kega, nalo humea kwenye nyanda za juu za Ethiopia, hasa pembezoni mwa misitu ya mitarakwa. Jina lake la kisayansi lilichapishwa mwaka 1820, na leo sampuli zake zimetunzwa katika Hebaria ya Taifa, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, iliyo ndani ya Chuo Kikuu cha Addis Ababa.

Kwangu mimi, waridi linadai subira kuliko mimea mingi niliyowahi kuikausha. Miiba yake, iliyopinda kama ukucha wa paka, hutoboa magazeti ninayokaushia mimea na kuzuia majani yasilale sawasawa, kwa hiyo ninaigandamiza kwanza kwa kipande cha ubao kabla ya kufunga kamba; hata hivyo siikati, kwa kuwa umbo lake ni miongoni mwa dalili zinazotenganisha aina moja na nyingine. Petali tano, nyeupe au za manjano hafifu, hugeuka kahawia, na harufu hupotea kabisa, ndiyo maana rangi lazima iandikwe kwenye lebo palepale kichakani, pamoja na mwinuko, tarehe na jina la mahali.

Tunda jekundu hupasuliwa katikati kwa wembe ili mbegu na vinyweleo vya ndani vionekane. Ni heri kukirudia kichaka kilekile miezi kadhaa baadaye, maana sampuli yenye maua pekee humwachia mtaalamu nusu ya habari.