Maji yamezidi mchele

Tangu Jumapili neno la wifi halijanitoka. Alionja kijiko cha kwanza cha jambalaya niliyopika, akatafuna taratibu, akasema, “Wifi, maji yamezidi mchele.” Mkeka mzima ukacheka, maana nani asiyeujua ule msemo wa unga? Nami nikajibu upesi, “Ndivyo inavyopikwa, wifi.”

Kicheko nimeshakisahau. Linaloniuma ni jibu langu, kwa sababu si kweli. Jambalaya ya Louisiana, kule Marekani, haitakiwi kuwa bokoboko. Ni kuku, soseji na wali ndani ya sufuria moja, pilipili imekolea, na punje inaiva mpaka ndani huku imejitenga na mwenzake, kama ya pilau.

Jumatano barua ya uhamisho wa Baba Watoto kwenda Geita ikatoka, hilo tutaliongea siku nyingine. Usiku ule ule nilikuwa macho nahesabu vikombe.

Mchele ulikuwa vikombe vitatu. Supu nikatia vikombe sita, ile hesabu ya viwili kwa kimoja niliyoizoea. Hesabu hiyo inafaa mchele mkavu uliokaa ghalani. Huu ulikuwa mpya, wa Magu, na mchele mpya bado una unyevu wake, hata kikombe kimoja na nusu kwa kimoja kinautosha. Juu ya hapo kulikuwa na nyanya nne kubwa nilizosaga na kumimina bila kuzikausha, zaidi ya kikombe kizima cha maji ambacho sikukihesabu. Kuku naye nilimjaza sufuriani kilo nzima kwa mkupuo, akatoa maji, akachemka badala ya kukaangika. Kisha nikafunua mara tatu nikakoroga kwa mwiko, na kukoroga kunavunja punje, wanga unatoka, wali unashikana. “Maji yamezidi mchele.” Wifi alihesabu kwa ulimi, na alihesabu sawa.

Alhamisi nikarudia. Mapaja ya kuku wa kisasa, kilo moja, nikayafuta kwa kitambaa mpaka yakakauka, chumvi kidogo na pilipili manga, vipande vinne vinne kwenye vijiko vitatu vya mafuta, ngozi chini, dakika tano kila upande. Kuku akilowa hageuki rangi. (Wa kienyeji mchemsheni kwanza kama saa nzima, na supu yake ndiyo itumike.) Nikaepua, nikakaanga soseji sita za ng'ombe, vipande vinene kama kidole, dakika tatu tu, nikaziweka pembeni. Watu wa Louisiana wanatumia andouille, soseji ya nguruwe ya vipande vikubwa iliyokaushwa kwa moshi, inayostahimili kuchemka muda mrefu. Zetu zimesagwa laini. Zikikaa motoni tangu mwanzo zinavimba, zinapasuka, na ladha yote inahamia kwenye maji, kwa hiyo zinarudi mwishoni.

Kwenye mafuta yale yale vikaingia vitunguu viwili, hoho mbili za kijani na mabua matatu ya seleri. Louisiana watatu hawa wanaitwa utatu mtakatifu. Ukiacha seleri chakula kinaliwa, lakini harufu yake inakuwa ya mchuzi wetu wa kila siku. Maji ya mboga ndiyo yanayolegeza ile kahawia iliyoshika chini ya sufuria, nanyi ikwangueni yote kwa mwiko, ndiyo rangi na utamu wenyewe. Halafu punje sita za kitunguu swaumu, vijiko vidogo viwili vya paprika, kimoja cha thaimu kavu, nusu ya pilipili ya unga. Unga wa pilipili uonje mafuta nusu dakika tu. Ukiungua unakuwa mchungu, na nyumba nzima inakohoa.

Nyanya nilizikaanga dakika kumi mpaka mafuta yakajitenga. New Orleans, mji mkubwa wa Louisiana, wanatia nyanya. Wakajuni, watu wa vijijini kule wenye asili ya Kifaransa, wengi hawatii, rangi yao inatoka kwenye nyama iliyokaangwa vizuri, nami naanza kuwaelewa.

Mchele niliuosha, nikauloweka dakika ishirini na kuuchuja vizuri, nikaugeuza kwenye mafuta dakika mbili. Supu ya moto vikombe vinne, basi. Onjeni hapo: iwe na chumvi kidogo kuliko supu ya kunywa, maana mchele utainywa, lakini kumbukeni soseji zinakuja na chumvi yake. Kuku juu, mfuniko, moto mdogo kabisa, kikaango cha chapati chini ya sufuria ili pasiungue.

Na hapa Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100, kwa hiyo mchele unaoiva Dar kwa dakika kumi na tano hapa unataka kama ishirini. Ukikuta kiini, ongeza muda, usikimbilie maji. Dakika tano za mwisho soseji zikarudi, nikazima, nikaacha pamefunikwa dakika kumi, kisha nikachambua kwa uma.

Punje moja moja. Nilisimama nikiiangalia sufuria kama mtoto aliyezaliwa. Nikajaza hotpoti, nikampelekea wifi mwenyewe.

“Wifi, Jumapili nilikudanganya. Haipikwi vile.”

“Najua, wifi,” akasema, akifunua. Akanusa. “Ukoko uko wapi?”

Nikarudi nyumbani kuukwangua, naharakisha usipoe, moyo mwepesi kabisa. Kupita nyuma ya jiko nikaona kile kijiwe kilichokaa chini ya jiwe kubwa la mlimani kimebaki wazi upande mmoja, mvua ya juzi imeondoa udongo wote. Jiwe lenyewe limekaa hapo tangu kabla ya nyumba hii. Niliweka chaki mahali lilipokuwa linagusana na ukuta. Leo asubuhi kulikuwa na nafasi ya kupitisha kidole kimoja, na Baba Watoto anaondoka Jumatatu.