Maliza kwanza kuandika

Tangu Jumanne maneno haya hayanitoki. "Maliza kwanza kuandika, mwanangu. Mimi nipo."

Ni yule bibi wa wajukuu watatu, wa kule mlimani nilikoanguka na pikipiki (mawili matatu nimeyabadilisha, siri ya mteja ni siri). Nilikaa kwenye mkeka wake, fomu ya tathmini ya ustawi wa jamii mapajani, namuuliza mjukuu wa kati ameacha shule lini. Akaanzia mbali, kwenye msiba wa binti yake. Mimi nasaka tarehe tu, kalamu haipumziki. Ndipo akaniambia hivyo, akarudi kwenye ungo wake wa dagaa.

Nami nikamshukuru! Jamani, nilisema "ahsante bibi". Nilipomaliza ukurasa nikauliza tena, akanijibu "ndiyo" na "hapana" mpaka naaga. Mtoto mwenyewe, ambaye Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa haki ya kusikilizwa, alikuwa mlangoni na sikumuuliza lolote. Kwenye maoni nikajaza: mlezi hatoi ushirikiano.

Wiki hii tumemuoza mdogo wangu na bosi kahamishwa, lakini mimi niko na bibi. Alisema kwa upole? Kwa kuchoka? Nimeigiza mbele ya Mama Zai kwa sauti tatu tofauti. "Zote alikuwa anakufukuza," kasema, wala hakugeuka.

Chuoni Kijitonyama tulisomeshwa habari za Schön, yule mwandishi wa kitabu cha 1983 kuhusu wanataaluma wanavyofikiri kazini: kuna kujitafakari kazi ikiendelea, na kuna kujitafakari ikishapita. Nilipata alama nzuri. Hiyo ya pili naiweza mno, hasa saa nane za usiku.

Jana nikapanda tena, bila faili. Akanisogezea ungo. Tukachambua dagaa, kichwa huku, mwili kule, sikuuliza kitu. Sufuria ilipokaribia kujaa akasema mtoto hajaacha shule. Anatoroka saa nne, wenzake wakinywa uji, anakuja kuchungulia kama bibi yu hai, kisha anaona haya kurudi darasani. Asubuhi mtoto alimwacha mama yake mzima. Mchana akamkuta kafunikwa shuka.

Nilitamani kuandika. Mikono ilikuwa inanuka dagaa. Nimeteremka mlima naimba, sijui kwa nini.

Ile sentensi ya maoni imeshapanda wilayani na sahihi yangu. Kesho nitaandika nyongeza.

Zai kakohoa tena. Usiku wa tatu huu, na dawa ya chupa imeisha.