Kilichomtetea Baba ni daftari

Siku hiyo Baba aliniomba maji mara tatu ndani ya nusu saa, na mara zote tatu aliimaliza glasi bila kupumua. Nilifurahi. Nilijiambia afadhali, nguvu zinarudi. Ilinichukua wiki tano nyingine kuelewa kwamba mtu hanywi vile kwa sababu amepona. Anakunywa vile kwa sababu ananyimwa.

Alikuwa na miaka 78. Kiharusi kilikuwa kimempooza upande wa kulia na kuufanya ulimi wake uwe mzito, lakini akili yake ilikuwa timamu kabisa. Tulimpeleka kwenye makao ya wazee kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu wa kumgeuza na kumnyanyua mchana na usiku. Wapo waliotulaumu, ila sikumbuki hata mmoja wao aliyejitolea kumkesha.

Jagi lake la maji lilikuwepo kila nilipokwenda, limejaa, safi, na kifuniko chake. Kila mara lilikuwa kulia kwake, juu ya kijimeza, upande wa mkono usiosogea. Nililiona wiki baada ya wiki lisinishtue. Mzee aliyelala sentimita 50 kutoka kwenye maji anaweza kukaukiwa kama aliye jangwani: midomo inapasuka, mkojo unakuwa mzito na wa rangi iliyokolea, akili inaanza kuyumba, halafu watu wanasema ni uzee.

Baada ya hapo mambo yalifuatana. Kucha ndefu. Shuka lenye harufu ya mkojo wa jana. Usingizi wa mchana kutwa ambao hakuwa nao, na nilipouliza nikaambiwa ameongezewa kidonge cha kumtuliza kwa kuwa "anasumbua usiku". Hakuna aliyetuomba ridhaa, wala hakuombwa yeye. Nilikuja kujua baadaye kwamba kumpa mtu dawa ili anyamaze, si kwa sababu ana ugonjwa unaoihitaji, ni namna ya kumfunga kamba isiyoonekana.

Kisha nikaona michubuko. Muuguzi aliniambia, "Dada, ngozi ya mzee ni laini, na baba yako anatumia dawa za kuzuia damu isigande." Yote mawili yalikuwa kweli, ndiyo maana niliridhika. Lakini michubuko ya kujigonga huwa kwenye miundi, migongo ya mikono, viwiko. Yake ilikuwa upande wa ndani wa mikono, juu karibu na kwapa, kushoto na kulia zinafanana, duara nne nne zimepangana. Niliweka vidole vyangu juu yake, vikaenea.

"Nani kakushika hivi, Baba?"

Aliangalia mlangoni kwanza. "Usiseme nao, mwanangu. Wewe ukiondoka, nabaki nao mimi."

Sijawahi kusikia sentensi iliyoniumiza kama ile, na ningependa kila mwenye mzazi kwenye makao aielewe. Ukimya wa mzee mara nyingi ni hesabu aliyoipiga. Anajua nani atamlisha kesho asubuhi.

Usiku ule nilisoma kwa muda mrefu. Shirika la Afya Duniani linasema karibu mtu 1 kati ya 6 wenye miaka 60 na zaidi hutendewa vibaya katika mwaka mmoja, na hao ni wanaoishi katika jamii. Kwenye taasisi za kulelea wazee ni kubaya zaidi: wafanyakazi 2 kati ya 3 walikiri kumtendea mzee vibaya ndani ya mwaka uliotangulia. Walikiri wenyewe! Nilipoisoma hiyo nikaacha kujiuliza kama nakuza mambo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kupiga kelele. Nilimvaa mhudumu kijana wa zamu ya jioni mbele ya wakazi wengine, nikamwita mnyama. Hakujibu. Hakuna kilichobadilika, isipokuwa kuanzia siku ile nilipofika walinipokea wakiwa wamejipanga, na Baba ameshabadilishwa nguo.

Mama yangu, aliyekuwa na duka dogo enzi za uhai wake, alipenda kusema mali bila daftari hupotea bila habari. Nikanunua daftari. Niliandika tarehe, saa, jina la aliyekuwa zamu, nilichokiona kwa macho yangu, na maneno niliyoambiwa kama yalivyosemwa, bila kuongeza hasira yangu. Nilipiga picha mbili kwa kila jambo, moja ya mbali inayoonyesha ni nani na yuko wapi, nyingine ya karibu ikiwa na rula pembeni. Nikaanza pia kwenda saa zisizotarajiwa: alfajiri, Jumapili usiku, wakati zamu zinapopokezana. Baba aliridhia. Nilimwambia kila nilichoandika, naye mara nyingine alinisahihisha.

Jumapili moja usiku nilimfunua ili nimbadilishe mwenyewe, nikakuta kidonda juu kidogo ya matako, penye mfupa wa chini wa mgongo. Sitakieleza chote. Mtu asiyeweza kujigeuza anapolalia sehemu moja kwa saa nyingi, damu haipiti, na nyama huanza kufa. Ndiyo maana kawaida ya kumgeuza mgonjwa wa kitandani imekuwa kila baada ya saa mbili. Vitabu vingi vinasema dalili ya kwanza ni wekundu usiofifia ukibonyeza. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri. Tafuta pahali penye joto kuliko pembeni yake, pagumu au palipolegea, au palipogeuka rangi kuelekea zambarau. Mimi nilikuwa nimepashika pale majuma mawili kabla, nikahisi joto, nikadhani ni godoro.

Nilimpeleka hospitali usiku uleule. Nilimwomba daktari aandike vipimo vya kidonda kwa sentimita, daraja lake, na hali ya maji mwilini. Aliandika daraja la tatu: kimepita ngozi, kimefika kwenye mafuta. Kidonda cha namna hiyo hakizuki kwa siku moja, na hilo nalo aliliandika.

Meneja wa makao aliniita ofisini siku ya tatu. Alikuwa mpole sana. Alinipa pole, akasema wazee hupata vidonda hata wakitunzwa vizuri, kisha akasogeza karatasi nisaini kwamba nimepewa maelezo na nimeridhika. Nilishaishika kalamu. Kilichonizuia ni neno "nimeridhika". Nikaomba nakala niende nayo, akasema haiwezekani, nikainuka.

Wakili wa kwanza niliyemwendea alikuwa hodari wa mashauri ya ardhi na alinieleza hivyo kwa uungwana. Wa pili alikuwa amezoea madai ya uzembe wa matibabu. Alifanya jambo ambalo lilinikera mwanzoni: alinitoa nje ya wodi ili azungumze na Baba peke yake. "Mteja wangu ni mzee," aliniambia. "Ana akili timamu. Wewe ni shahidi." Angekuwa hajiwezi kiakili, tungehitaji kwanza mamlaka ya kisheria ya kumwakilisha. Kwa kuwa anajiweza, hata mimi sikuwa na haki ya kumwamulia. Baba alizungumza naye kwa saa nzima kwa ule ulimi wake mzito. Mimi alikuwa hajanisimulia hata nusu yake.

Wakili hakuanza na mahakama. Siku ileile aliandika barua kwa makao akidai yahifadhi picha za kamera, orodha za zamu, na faili lote la Baba, kwa sababu kamera nyingi hufuta picha za zamani zenyewe baada ya siku kadhaa. Barua ya pili iliomba nakala ya faili. Alisoma mkataba tuliosaini siku ya kumwingiza Baba, ambao mimi nilikuwa nimeusaini bila kuusoma, akitafuta kama kuna kifungu kinachotulazimisha kwenda kwa msuluhishi badala ya hakimu. Akatuonya kuhusu muda wa ukomo: madai mengi yana siku ambayo ikipita, dai limekufa hata liwe la haki kiasi gani. Akatueleza pia kwamba njia ni zaidi ya moja na haziuani. Polisi kwa ile michubuko ya kushikwa kwa nguvu, maana kumshambulia mtu ni jinai. Mamlaka inayosimamia makao, ili ikague na kuwanusuru waliobaki. Na madai ya fidia, ambako si lazima uthibitishe pasipo shaka, inatosha kuonyesha kwamba upande wako una uzito zaidi.

Faili lilikuja baada ya kukumbushwa mara mbili. Ndani yake kulikuwa na jedwali la kumgeuza Baba: kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, sahihi baada ya sahihi, hakuna pengo. Nilikata tamaa. Nilimwambia wakili tumeshindwa, karatasi yao ni nzuri kuliko yetu. Akaniomba daftari langu, akaliweka pembeni ya jedwali, akashuka na kidole tarehe kwa tarehe. Kisha akanyamaza.

Jumatatu, Jumanne na Jumatano baada ya Jumapili ile ya kidonda, Baba alikuwa amelazwa hospitali. Jedwali la makao lilionyesha amegeuzwa mara kumi na mbili kila siku.

Ushahidi mwingine ulitoka nisikotarajia. Yule mhudumu niliyemwita mnyama alimtafuta wakili mwenyewe. Alieleza kwamba usiku alikuwa peke yake na wakazi 22, kwamba majedwali yalisainiwa yote kwa mkupuo mwisho wa zamu, na kwamba alishalalamika kwa maandishi na anayo nakala. Aliyemshika Baba alikuwa mwingine. Nilimwomba radhi mbele ya wakili, akakubali.

Makao yalitaka kumaliza nje ya mahakama kwa sharti kwamba tusizungumze kamwe. Ndugu zangu walitaka tukubali, na siwalaumu, fedha ile ingelipa matibabu yote. Wakili alimgeukia Baba. Baba alifikiri, akasema polepole, neno baada ya neno, kwamba kitanda chake sasa amelala mwingine. Tulikubaliana kiasi kidogo zaidi, bila sharti la kunyamaza, na ripoti ya mkaguzi ikaendelea na safari yake.

Kidonda kilichukua miezi saba kufunga. Sasa Baba yuko nami, tukisaidiana na mhudumu wa mchana, na simu yangu hulia kila baada ya saa mbili usiku. Jagi liko kushoto.