Bao la babu, na Aprili 7 niliyoikuta nyumbani

Nimefika Unguja wiki mbili kabla ya Aprili 7, baada ya miaka 31 ya Uingereza. Jengo jipya la abiria Kiembesamaki, msongamano wa Darajani, mnara uliosimama katikati ya Michenzani, yote hayo nilishayaona kwenye picha nilizotumiwa, hayakunishitua. Kilichonishitua ni swali la mtoto wa miaka 14.

Tulikuwa tunakunywa chai. Nikasema kesho asubuhi nitakwenda Kisiwandui kwenye hitma ya Mzee Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, aliyeuawa tarehe hiyo. Binti wa mpwa wangu akainua uso kutoka kwenye simu. "Karume yupi, babu? Wa uwanja wa ndege?" Halafu akaniambia kesho hakuna skuli, wao wanakwenda Nungwi kuogelea.

Simlaumu. Lakini usiku ule sikulala. Watu wa rika langu mnajua jina lile tulivyokuwa tukilitaja: kwanza unatazama mlango, kisha unatazama nani amekaa. Nilipoondoka nchini nilikiacha kimya cha watu wanaojua na wanaogopa. Nimerudi nimekuta kimya kingine, na hiki cha pili kimeniumiza zaidi.

Ilikuwa Ijumaa, Aprili 7, mwaka 1972, siku aliyouawa. Nilikuwa na miaka 9, tunakaa Kikwajuni, si mbali na makao makuu ya chama cha Afro-Shirazi, pale Kisiwandui. Babu yangu yuko barazani anacheza bao na jirani yake, magharibi inakaribia. Wakati huohuo Mzee Karume naye alikuwa Kisiwandui, amekaa na wenzake kwenye bao lao la jioni. Ikasikika milio. Mimi nikadhani fataki. Babu hakusema neno. Alilipindua bao pale pale, kete zikamwagika, akatusukuma ndani na kutia komeo. Naiona mpaka leo kete moja ikiviringika kwenye kibaraza, ikaanguka mtaroni, na mimi nimekatazwa kuifuata.

Yaliyofuata yanajulikana kwa anayetaka kuyajua. Luteni Humud Mohammed Humud, mmoja wa waliompiga risasi Mzee Karume, aliuawa siku ileile. Husemwa alikuwa akilipa kisasi cha baba yake. Mzee Thabit Kombo, katibu mkuu wa chama, alijeruhiwa, akapona. Aboud Jumbe akashika uongozi. Kisha ikaja kamatakamata. Mwanasiasa Abdulrahman Mohamed Babu, aliyetuhumiwa kuhusika, alizuiliwa bara mpaka 1978, na huku Visiwani akahukumiwa kifo bila kuwepo mahakamani, kwa sababu Nyerere hakukubali kumrudisha. Waliobaki huku walisimama mbele ya Mahakama ya Wananchi, ambako mshtakiwa hakuwa na wakili.

Kwetu alichukuliwa ami. Walikuja watu wanne usiku, wakamwambia avae shati, atarudi baada ya kuulizwa maswali mawili matatu. Alirudi baada ya miaka. Hakushtakiwa kwa lolote. Aliporudi alikuwa hawezi kulala taa ikizimwa, na bibi alimwashia koroboi kila usiku, hata mafuta ya taa yalipokuwa ya shida. Hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi. Tulifundishwa kwamba kutomuuliza ndiyo adabu, na ndiyo mapenzi.

Na msinielewe vibaya. Nyumba aliyozaliwa mke wangu ni ya Michenzani, na baba mkwe alikufa akimwombea dua Mzee Karume kwa ekari tatu alizopewa baada ya Mapinduzi. Mimi mwenyewe nimesomeshwa bure. Foleni za mchele na unga nazikumbuka, na waliopotea nawakumbuka. Hayo yote yalikuwa ya mtu mmoja na mji mmoja, na mtoto wa leo anastahili kuyapata yote, si jina tu la kuandikwa ukutani.

Hitma nilikwenda. Viongozi walikuwepo, Kurani ikasomwa, dua ikaombwa kaburini. Waliokaa karibu yangu wote walikuwa na mvi.

Siku ya tatu yake mpwa wangu akanipeleka Jambiani kuona nyumba yake ya wageni. Nyumba nzuri, Mungu ambariki. Pale mezani mgeni anapojiandikisha, nikaliona bao la babu. Nililijua kwa ufa wa pembeni ulioingia siku ile lilipopinduliwa. Vishimo vyote 32 viko vilevile, na ndani yake zimepangwa funguo za vyumba. Kile kishimo cha mraba, kinachoitwa nyumba, kimejazwa peremende za wageni. Mpwa wangu akafurahi kwamba nimelitambua. "Wageni wanalipenda sana, mjomba. Wanalipiga picha." Sikuweza kumjibu. Nilitoka nikasimama ufukweni mpaka maji yakanifika magotini.

Nyinyi mnaojiandaa kurudi, nawaambia niliyojifunza kwa uchungu. Wazee wafuateni sasa, msiseme mwakani. Nendeni barazani baada ya alasiri, kunyweni kahawa, kaeni. Msianze na siasa, anzeni na majina ya mitaa na nani alikuwa jirani ya nani. Msiwahoji mbele ya watoto wao, maana wengi waliwaficha hayo kwa miaka hamsini na wataona haya. Na mkikuta kitu cha marehemu kimegeuzwa pambo, msigombe kama nilivyotaka kugomba mimi. Kiombeni.

Nililiomba. Mpwa alinipa siku ileile, na kwa haki yake, alipojua habari zake alilia.

Nimelipaka mafuta ya nazi, nikapata kete 64, nikampelekea ami. Ana miaka 84, macho hayaoni vizuri, lakini vidole vinahesabu kete kuliko vyangu. Tumecheza jioni nne. Kila jua likianza kuzama, katikati ya mchezo, hata akiwa anashinda, analipindua bao na kuzikusanya kete kwenye kikapu.

Jana binti wa mpwa wangu alikuwepo. Akauliza, "Babu mkubwa, mbona unapindua na hujamaliza?"

Nikataka kumnyamazisha, ulimi ulikuwa tayari, adabu ileile ya zamani. Ami akanyanyua mkono kunizuia. Akamwambia mtoto asogeze kigoda. Kisha akamuuliza taa ya barazani inawashwa wapi, na mtoto akaenda kuiwasha.