Namna Nilivyorudishiwa Dola 18,600 Zilizochukuliwa na Polisi Bila Kushtakiwa

Mwezi Machi 2022 niliondoka Nashville alfajiri kuelekea Little Rock, katika jimbo la Arkansas nchini Marekani, nikiwa na dola 18,600 taslimu katika bahasha mbili za kaki ndani ya mkoba wangu. Nilikuwa ninakwenda kununua gari dogo lenye jokofu kwa ajili ya kazi yangu ya kupika na kusambaza vyakula vya harusi na misiba, na muuzaji, ambaye alikuwa mtu binafsi, alitaka malipo ya mkononi. Dola 6,600 nilizitoa benki siku mbili kabla ya safari. Dola 12,000 zilizobaki zilikuwa zamu yangu ya kupokea upatu: tuko wanawake kumi na wawili, kila mmoja hutoa dola 1,000 kwa mwezi, na kijumbe wetu humkabidhi fedha mwenye zamu.

Nilipokwisha kuvuka mto Mississippi pale Memphis na kuingia Arkansas, polisi wa wilaya moja alinisimamisha kwenye barabara kuu namba 40, akidai kwamba nilikuwa nimelikaribia mno lori lililokuwa mbele yangu. Aliniuliza kama nina fedha taslimu nyingi garini, nami nikamjibu ukweli, pamoja na kiasi chake na kazi yake. Mbwa wa kunusa aliletwa, gari likapekuliwa kwa zaidi ya saa moja, na hakikupatikana kitu chochote. Sikukamatwa wala sikuandikiwa hata faini ya barabarani. Hata hivyo bahasha zote mbili zilichukuliwa, kwa maelezo kwamba fedha hizo zilishukiwa kuwa za biashara ya dawa za kulevya.

Kabla sijaruhusiwa kuondoka nilipewa karatasi ya kutia sahihi, yenye maneno kwamba fedha zile si zangu na kwamba sitazidai. Nilikataa. Nilikuwa ninatetemeka, lakini nilijua kwamba sahihi yangu pale ingekuwa ushahidi dhidi yangu mwenyewe. Stakabadhi niliyopewa ilitaja "fedha za Marekani" bila kiasi, kwa hiyo niliomba mara tatu kiasi kiandikwe, na nilipokataliwa nikaipiga picha papo hapo na kumtumia mume wangu ujumbe wenye saa, mahali na hesabu kamili.

Usiku ule nilimpigia simu kijumbe, nikilia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Mdogo wangu, hiyo ni jasho la watu. Usiiache hata senti moja."

Wakili wa kliniki ya sheria ya chuo kimoja, yaani kituo cha chuo cha msaada wa kisheria, ambaye hakunitoza chochote, ndiye aliyenifafanulia kilichokuwa kimetokea. Katika utaifishaji wa namna hii, yaani serikali kuichukua moja kwa moja mali inayoshukiwa kuwa ya uhalifu, anayeshtakiwa si mtu bali mali yenyewe, ndiyo maana kesi huitwa, kwa mfano, Marekani dhidi ya dola 124,700. Kesi hiyo iliamuliwa mwaka 2006 na mahakama ya rufaa ambayo maamuzi yake yanaifunga Arkansas pia. Mwenye fedha alisema alikuwa amesafiri kununua lori lenye jokofu, dawa hazikupatikana, lakini serikali ilishinda, na mojawapo ya mambo yaliyomponza ni kwamba mwanzoni hakumwambia polisi ukweli kuhusu fedha hizo. Niliposikia habari ya jokofu nilikata tamaa kwa siku kadhaa.

Nilielezwa pia kwamba sheria ya Arkansas ya mwaka 2019 kwa kawaida inataka mtu atiwe hatiani kwanza kabla mali yake haijataifishwa. Polisi wakiikabidhi mali hiyo kwa serikali ya shirikisho, sharti hilo la jimbo halitumiki tena, na idara iliyokamata inaweza kurudishiwa hadi asilimia 80 ya fedha. Fedha zangu zilikuwa zimepitishwa njia hiyo. Ninaliona jambo hili kuwa dhuluma, na sijapata bado mtu wa kunishawishi vinginevyo.

Barua ya shirikisho ilinifikia siku ya 58, ikinipa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuomba nisamehewe, ambapo wakala uleule unaoshikilia fedha ndio unaoamua. Maneno yake yalikuwa ya upole, na bila wakili ningeichagua hiyo. Ya pili ilikuwa kuwasilisha dai chini ya kiapo, na dai likipokelewa, serikali ina siku 90 za kufungua kesi mahakamani au kurudisha mali. Tarehe ya mwisho iliyoandikwa katika barua ni ya dai kufika, si ya kulituma, kwa hiyo nililituma kwa rejista siku kumi na mbili kabla.

Kazi iliyonichosha zaidi ilikuwa kumweleza mwendesha mashtaka maana ya upatu. Risiti ya benki ilijieleza yenyewe, lakini dola 12,000 zilizotoka mkono kwa mkono zilihitaji mashahidi. Tulinakili kurasa za daftari la kijumbe, tukachapisha ujumbe wa kundi letu wa miezi mitatu, na mtafsiri akatafsiri yote kwa Kiingereza akiambatanisha hati ya kuthibitisha usahihi wake. Kisha niliwaendea wenzangu nyumba kwa nyumba kuomba wale kiapo. Baadhi yao waliogopa kuweka majina yao mbele ya serikali kwa sababu ya mambo ya uhamiaji, na sikuwalazimisha, kwa kuwa hofu yao ilikuwa na msingi kuliko haja yangu. Tisa walitia sahihi. Mmoja alikuja baada ya zamu ya usiku hospitalini, akiwa bado na sare yake ya kazi.

Katika muda wote huo niliendelea kutoa dola 1,000 zangu kila mwezi, kwa sababu zamu yangu ilikuwa ya tatu na wenzangu tisa walikuwa bado hawajapokea.

Siku ya 83 baada ya dai kupokelewa, wakili alinipigia simu kuniambia kwamba serikali haitafungua kesi. Fedha ziliingia benki mwezi Oktoba, zote 18,600, bila riba, bila fidia ya kazi nilizozikosa na bila barua ya maelezo. Sheria ya shirikisho ya utaifishaji ya mwaka 2000 humlipia gharama za wakili anayeshinda mahakamani, lakini fedha zikirudishwa kabla ya kesi hakuna ushindi wa kulipiwa. Gari la Little Rock lilikuwa limeshauzwa zamani. Nilinunua jingine mwezi Novemba kwa hundi ya benki, na daftari la kijumbe sasa lina sahihi ya kila anayepokea, pamoja na tarehe na kiasi.